Mazishi ya Jirani Mkristo: Tukiingia Kanisani kwa Mara ya Kwanza

Kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Amma baad.

Kuna swali ambalo aghalabu hutufikia likiwa limechelewa. Jirani amefariki, mwili umekaa mochari wiki nzima, matanga yamekaliwa jioni baada ya jioni, na ni usiku wa kuamkia mazishi ndipo simu hulia: "Sheikh, kesho saa nne ibada iko kanisani. Tuingie au tukae nje? Na tukiingia, tufanye nini?" Muulizaji amekaa na marehemu ukuta kwa ukuta miaka ishirini. Wameombana chumvi, wameleleana watoto, wamesindikizana hospitali usiku wa manane. Hataki kumvunja moyo mjane, wala hataki kuivunja dini yake.

Kwa kuwa hajui yanayomngoja mlangoni, mtu kama huyu huangukia mojawapo ya mawili. Ama hubaki nyumbani kwa hofu, na jirani akaona kuwa ujirani wote ule ulikuwa wa maneno. Ama huingia na kuiga kila afanyalo aliyekaa mbele yake, hata akajikuta amepiga magoti pasipostahili. Chanzo cha yote mawili ni kutojua. Makala haya basi twayaandika kabla simu haijalia, ili familia iyasome pamoja na kuyajadili kwa utulivu.

Wanavyuoni wamesemaje

Tuanze na msingi. Qur'ani Tukufu, katika Surat al-Mumtahina aya ya 8, yatufundisha kuwa Allah hatukatazi wema na uadilifu kwa wasio wa dini yetu, maadamu hawakutupiga vita wala kututoa majumbani mwetu. Na katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, na alipoambiwa kuwa marehemu ni Myahudi, akawakumbusha waliokuwapo kuwa naye pia alikuwa nafsi. Imepokewa vilevile kuwa mama yake al-Harith ibn Abi Rabia alifariki akiwa Mkristo, na baadhi ya Masahaba wakahudhuria mazishi yake.

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, wanavyuoni wamesema hapana ubaya kwa Muislamu kulifuata jeneza la jamaa yake asiyekuwa Muislamu, na baadhi yao wakamwambatanisha jirani na jamaa. Ama kuingia ndani ya kanisa, hapo pana khitilafu, na ni haki ya msomaji kuijua. Bwana Umar ibn al-Khattab (r.a.) alitoa udhuru wa kutoingia makanisani kwa sababu ya masanamu yaliyomo, na Ibn Abbas (r.a.) aliswali kanisani ila lile lenye masanamu, habari zote mbili Imamu Bukhari amezitaja katika kitabu chake. Mashafii wameshurutisha ruhusa ya wenyewe, na wakatia mkazo katika suala la masanamu: wapo waliokataza na wapo waliokirihisha. Mahanbali, akiwamo Ibn Qudama, wamekuwa na wepesi zaidi.

Kwa hivyo zipo daraja tatu, na kila mmoja achague ile moyo wake unayotulia nayo baada ya kumuuliza sheikh wake. Ya kwanza ni kwenda nyumbani kwa wafiwa, kutoa pole na kuchangia gharama. Ya pili ni kufika uwanjani mwa kanisa, kungoja nje, kisha kulisindikiza jeneza hadi kaburini. Ya tatu ni kuingia ndani kwa ruhusa yao, kukaa nyuma, bila kushiriki ibada. Kisichokuwa na khitilafu ni hiki: ibada yao hatuifanyi. Wala tusichanganye mazishi na sikukuu. Kwenda kwenye ibada ya Krismasi au Pasaka ni jambo jingine, na wanavyuoni wamelikemea kwa ukali zaidi, kwani huko hakuna haki ya maiti wala ya mfiwa inayotupeleka.

Maneno tuyajuayo, maana tusizozijua

Muislamu wa Pwani aingiapo kanisani kwa mara ya kwanza hustaajabu kuwa maneno mengi ayasikiayo ni yake. Kanisa lenyewe ni neno la Kiarabu, na kasisi pia, ambalo limo katika Surat al-Maida. Zaburi, Injili, sadaka, madhabahu, msalaba, yote ni ya asili hiyo. Padri ni la Kireno, lugha ya wale waliojenga Ngome ya Yesu hapa Mombasa kuanzia mwaka 1593. Atasikia majina ya Ibrahimu, Musa na Daudi, na huenda moyo ukamwambia kuwa yumo nyumbani.

Hapo ndipo pa kuwa macho. Neno laweza kuwa moja na maana zikawa mbili. Wakisema "Bwana", mara nyingi wamkusudia Yesu, ambaye kwao ni Mwana wa Mungu na kwetu ni Isa bin Maryam, mja na mtume. Wakisema "Roho Mtakatifu" hawamkusudii Jibrili kama wafasiri wetu wanavyoeleza. Sala yao yafunguliwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Basi mtu asijibu "amina" kwa mazoea ya ulimi, kabla hajajua aitikialo ni dua gani. Kunyamaza ni adabu, na hakuna atakayemlaumu mgeni kwa kunyamaza.

Vilevile salamu. Mlangoni huenda ukaambiwa "Bwana asifiwe", au kwa Wakatoliki "Tumsifu Yesu Kristo", na kila moja ina jibu lake. Huna haja ya kulijua jibu hilo. Mwambie "hamjambo" na "poleni na msiba". Kwa mkubwa wako, "shikamoo". Lugha yetu haikutunyima salamu za kumtosha kila mtu.

Langoni na mlangoni

Lango la kanisa siku hizi lina ulinzi. Tangu watu waliokuwa ibadani waliposhambuliwa kwa risasi na kuuawa Likoni, mwezi wa Machi 2014, makanisa mengi ya Pwani hukagua mikoba na kupitisha chombo cha kutambua chuma mwilini. Kagueni moyo kabla hamjakaguliwa mfuko: msikasirike. Waliozika watu wao wana haki ya kuogopa, na uso mkunjufu wa Muislamu langoni ni jibu bora kuliko khutuba. Mwanamke avaaye niqabu aweza kuomba akaguliwe na mwanamke mwenziwe, faraghani.

Viatu havivuliwi. Jambo hili dogo huwatatiza wageni wetu wengi, kwani mguu uliozoea msikiti husita kizingitini. Kofia nayo ina hukumu tofauti na yetu: kwao mwanamume huivua aingiapo kanisani, na hiyo ndiyo heshima. Muislamu akiivua kofia yake hana dhambi, kwani kuivaa ni adabu njema na si wajibu. Na akipenda kubaki nayo, amnong'oneze mhudumu wa mlangoni, ataelewa. Buibui na mtandio havina tatizo lolote. Masista wao wenyewe hufunika vichwa.

Katika kanisa la Kikatoliki, karibu na mlango huwa pana chombo cha maji ya baraka. Waumini huchovya kidole na kujifanyia ishara ya msalaba, kisha hupiga goti moja kuelekea mbele kabla ya kuketi. Hayo ni ya ibada. Yapite kimya kimya. Ukutani utaona picha kumi na nne zisimuliazo safari ya Yesu kwenda kusulubiwa, kama waaminivyo wao, na huenda pakawa na masanamu yake na ya Bi Maryam. Usiyaelekee kwa unyenyekevu, wala usiyaoneshe kidole na kuyateta.

Ndani, wanaume na wanawake kwa kawaida hukaa pamoja. Safu za mbele ni za wafiwa. Mwambie mhudumu kuwa ninyi ni majirani Waislamu na mwaomba nafasi ya nyuma, pembeni, karibu na mlango. Ombi hili limezoeleka, nalo hukuwezesha kukaa na jamaa zako na kutoka kwa swala bila kumruka mtu magoti.

Mpangilio wa ibada

Jeneza likiingia, watu wote husimama. Kusimama huku kuna mfano wake katika hadithi tuliyoitaja juu, ingawa wanavyuoni wamehitilafiana kama hukumu yake ingalipo. Simama, hapana neno.

Katika misa ya Kikatoliki, baada ya wimbo wa kuingia na sala za mwanzo, husomwa masomo kutoka kitabu chao, ikaimbwa Zaburi, kisha watu wakasimama kuisikiliza Injili. Hufuata mahubiri ya padri. Muislamu aweza kubaki kitini wakati wote huu; wazee na wagonjwa wao pia hukaa. Baadaye kapu la sadaka huzungushwa, au watu hulifuata mbele. Sadaka hiyo ni ya kanisa na ya ibada. Ukitaka kusaidia, mpe mfiwa mkononi, na huo ndio msaada utakaomfikia mayatima.

Kisha huja sehemu iliyo moyo wa misa. Padri huombea mkate na divai, na waumini hupiga magoti. Wewe kaa. Wakisha kuisali Sala ya Baba Yetu, hutakiana amani kwa kupeana mikono. Hapa mgeni hushtuka, kwani ghafla mikono yamjia kutoka kila upande. Mpe mwanamume mwenzio mkono na umwambie "poleni". Kwa asiyekuwa maharimu wako, mkono kifuani na kichwa kuinama kidogo vyatosha. Majirani zetu wa Pwani waijua desturi hiyo tangu utotoni.

Mara baadaye watu hupanga mstari kwenda kupokea komunyo, nayo ni kipande chembamba cha mkate usiotiwa chachu, na pengine divai. Usijiunge na mstari huo kwa hali yoyote. Tena usidhani kuwa kubaki kwako kitini ni utovu wa adabu, kwani kwa Wakatoliki hata Mkristo wa dhehebu jingine kwa kawaida hapokei, na wapo Wakatoliki wenyewe wanaobaki kitini. Kumpa asiyestahili ndiko kungewaudhi wao. Yapo makanisa ambako asiyepokea huenda mbele mikono ikiwa imepishana kifuani ili abarikiwe. Hilo pia si letu.

Mwishoni padri hulizunguka jeneza, akalinyunyizia maji na kulifukizia ubani. Harufu hiyo tumeizoea majumbani mwetu. Matumizi yake hapo ni ya ibada yao.

Makanisa si namna moja

Haya tuliyoyaeleza zaidi ni ya Wakatoliki. Waanglikana nao wana kitabu cha sala na mpangilio unaokaribiana na huo, ila masanamu kwao ni machache. Ukristo wao una umri mrefu hapa kwetu: Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na barua ya Sayyid Said kwa maliwali wake, na mwaka 1846 akaanzisha makao Rabai pamoja na Rebmann. Wamethodisti walianza Ribe mwaka 1862. Kisauni, mtaa wa Frere Town ulianzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya waliokombolewa utumwani. Na atakayelitazama kanisa kuu la Waanglikana mjini Mombasa, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, ataona kuba linalofanana na la msikiti. Majirani hawa hawakuja jana.

Makanisa ya Kipentekoste ni tofauti kabisa. Huenda usikute sanamu hata moja, bali ngoma, vinanda na vipaza sauti, watu wakiimba kwa kupiga makofi na wengine wakinena kwa lugha. Mambo mawili yatarajie huko. La kwanza, wageni huombwa wasimame ili wakaribishwe. Simameni, mseme kuwa ninyi ni majirani mliokuja kutoa pole, mkae. La pili, mhubiri huenda akawaita wanaotaka kuokoka wainue mkono au waje mbele. Usiinue mkono kwa kuona haya, wala usiondoke kwa hasira. Kaa ulivyo.

Wasabato husali Jumamosi, hawali nguruwe wala hawanywi pombe, jambo ambalo humpunguzia Muislamu wasiwasi wakati wa chakula.

Ukipewa nafasi ya kusema

Katika mazishi ya Kikristo husomwa habari za maisha ya marehemu, na majirani huitwa watoe neno. Jiandae, kwani wewe uliye na kofia au buibui utaonekana upesi. Sema la kweli kuhusu ujirani: alivyokusaidia, alivyolinda nyumba yako ulipokuwa Hija, alivyonyamazisha redio yake wakati wa adhana. Waombee walio hai subira, afya na uongofu. Ama kumuombea maghufira aliyekufa nje ya Uislamu, tumekatazwa katika Surat al-Tawba, na hilo twalihifadhi bila kulitangaza kaburini. Wala si mahali pa kufanya mahojiano ya dini. Mfiwa hakukualika mjadala.

Huenda jeneza likafunguliwa, watu wakapita kuuaga mwili. Ukipita, pita kwa heshima. Usipopita, hakuna dhambi wala lawama. Kaburini utaona mashada ya maua na mishumaa, na watu wakitia udongo. Kusaidia kuchimba, kubeba na kufukia ni kazi ya mikono ambayo jirani humfanyia jirani.

Chakula kikiandaliwa, uliza nyama imechinjwa na nani. Familia nyingi za Kikristo za Pwani humwita Muislamu achinje kwa sababu zajua tutakuja, na swali lako haliwachukizi. Ukiwa na shaka, chai na mkate vyatosha. Na saa uitazame: ibada yaweza kuchukua saa mbili au zaidi, na Adhuhuri haingoji. Ikiwa ni Ijumaa, ondoka mapema. Wafiwa wataelewa ukiwaaga.

Aliyesilimu na wazazi wake

Tumebakisha lililo zito kuliko yote. Wapo miongoni mwetu ndugu waliosilimu kutoka familia za Kigiriama, Kitaita, Kikamba, Kiluo na nyinginezo, na mama zao wangali Wakristo. Siku mama afapo, mtoto huyu si jirani wa kukaa safu ya nyuma. Ni kifungua mimba pengine, na ukoo wote wamtazama. Baadhi yao wameambiwa na sisi Waislamu wenzao, kwa ukali usio na elimu, kuwa wasikanyage mazishi. Wakatii, na hadi leo hawasemezani na ndugu zao wa tumbo moja. Ni nani aliyefaidika? Familia nzima imejifunza kuwa Uislamu humtoa mtoto kwa mama yake.

Dini haikusema hivyo. Surat Luqman yatuamrisha kukaa na wazazi kwa wema hata wakiwa katika dini nyingine, bila kuwatii katika shirki. Asma binti Abu Bakr (r.a.) aliruhusiwa na Mtume (s.a.w.) kumuunga mamake aliyekuwa mshirikina. Na Bwana Ali (r.a.) aliamriwa na Mtume (s.a.w.) aende akamzike babake, Abu Talib. Basi mwana na azike. Achimbe, abebe, agharamie, awapokee wageni, akae na baba yake. Atakayoyaacha ni machache na yanajulikana: kupiga magoti, kupokea komunyo, kuitikia sala, kumuombea msamaha marehemu. Ayaseme mapema kwa upole kwa wazee wa ukoo na kwa padri au mchungaji, siku mbili tatu kabla, na si mbele ya jeneza. Nasi majirani zake Waislamu twende naye, asisimame peke yake. Mtu aliyeacha mengi kwa ajili ya Allah hastahili kulia kaburini kwa mamake bila bega la ndugu katika imani.

Tukumbuke pia kuwa mambo haya ni ya pande mbili. Wakristo hutujia tunapofiwa. Husimama nje ya msikiti tunaposwalia maiti, kisha hulifuata jeneza hadi mavani, na wengine hushika majembe. Hatuwatarajii wasome Fatiha, wala hatuwaoni wabaya kwa kutoisoma. Twafarijika kuwa wamekuja. Nao kwetu hawataki zaidi ya hilo.

Basi kila baba na mama awaeleze watoto wake haya wikendi hii, watoto wa kike na wa kiume, maana rafiki zao wa shule nao watafiwa. Wafundishwe kipi ni haki ya jirani na wakitekeleze kikamilifu, na kipi ni ibada ya wenyewe na wakiache kwa adabu. Mwenye kuijua mipaka hiyo aweza kusimama na mfiwa yeyote bila khofu.

Twamuomba Allah atuthibitishe katika dini yake, atujaalie kuwa majirani wema, na awape subira wote waliofiwa katika mitaa yetu. Wabillahi tawfiq.